Kwa mnaoanza kliniki ya macho ya watoto: ulizeni na choo

Wadogo zangu, nianze na kosa langu. Nikiwa mgeni kazini nililetewa kichanga wa wiki tano mwenye tongotongo. Chumba chetu kilikuwa na balbu moja ya njano. Nikasafisha macho, nikatoa dawa ya kupaka. Mama akauliza, "Dada nesi, mbona kama yana umanjano?" Nikamwambia awe anamwotesha jua la asubuhi. Alirudi mtoto ana miezi minne, tumbo limejaa, choo cheupe kama ugali wa sembe. Mirija ya nyongo ilikuwa imeziba, na jua halizibui mirija.

Upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini, ule ulioelezwa na daktari Morio Kasai wa Japani mwaka 1959, hufaulu zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60. Siku ile ya kwanza mtoto alikuwa na siku 35. Hesabuni wenyewe.

Kwa hiyo, manjano ikipita siku 14, mtoto apimwe damu kuona bilirubini, ile rangi ya manjano, ya jumla na ya direkti (iliyokwisha kupita kwenye ini), hata kama ananyonya vizuri na anacheka. Mtazameni karibu na dirisha. Usimfungue kope kwa nguvu: mwinue awe wima, mwinamishe polepole, atafumbua mwenyewe. Watoto wetu wengi weupe wa jicho una rangirangi ya kahawia pale panapopigwa na mwanga, basi angalia sehemu inayofichwa na kope.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu wa nyongo, jambo linalowapotosha wengi ni kadi ya kliniki. Unaona matone ya vitamini A yamejazwa kila baada ya miezi sita, unasema huyu hana upungufu wa vitamini A. Bila nyongo, mafuta hayasagiki vizuri, na vitamini A, D, E na K hupita tu na choo. Muulize mama: kiza kikiingia, mtoto anajikwaa? Anakataa kutoka nje magharibi? Kisha tafuta madoa meupe yenye povu, kama la sabuni, kwenye weupe wa jicho pembeni mwa mboni. Ukiyaona usimwongezee matone kwa kukisia, maana vitamini A ikizidi huliumiza ini lenyewe. Mwandikie daktari wa ini. Na kama ana mtoto wa jicho anayesubiri upasuaji, damu ipimwe kwanza kama inaganda, kwa sababu ya ile K.

Kwa watoto wakubwa kidogo wenye ini bovu lisilojulikana chanzo, fikirini ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hurundikana mwilini. Pete ya kahawia huanzia sehemu ya juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa hiyo inua kope la juu. Kwenye jicho jeusi tochi haitakuonyesha kitu, tumia darubini ya macho. Usipoiona usiandike "hana Wilson": wengi ambao ugonjwa umegusa ini peke yake hawana pete. Mstari mweupe ukingoni mwa konea ni habari nyingine. Hata wazima huwa nao, ila ukija pamoja na muwasho na moyo wenye mlio, fikirini ugonjwa wa Alagille, wa kuzaliwa nao, ambapo mirija ya nyongo ndani ya ini huwa michache.

Siku hizi, mama akikaa tu, naomba kuiona nepi. Wenzangu hucheka: nesi wa macho anachungulia nepi! Nami naipeleka dirishani.