Kwa Wanaoanza Kupiga Picha za Usiku Mtwara Mjini

Nimepiga picha za mitaani hapa Mtwara mjini kwa miaka tisa, karibu zote baada ya jua kuchwa, na vijana walionunua kamera yao ya kwanza huniuliza mara kwa mara wanunue lenzi gani. Swali hilo nitalijibu, lakini kuna jambo linalolitangulia, nalo ni kwamba mji wetu ni mdogo. Anayepiga picha usiku Kariakoo anaweza asimwone tena maishani mwake yule aliyempiga, ilhali hapa mtu uliyempiga picha Magomeni yetu ya Mtwara usiku wa kuamkia Jumapili utapishana naye sokoni Jumatatu, au utamkuta ni shemeji wa jirani yako. Mengi nitakayoyaeleza yametokana na hilo.

Tuanze na mwanga. Jua letu huchwa mapema: mwezi Juni ni muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na hata Desemba halifiki saa kumi na mbili na dakika 45. Likishazama, giza huingia upesi. Katikati yake kuna dakika 20 hivi ambapo mbingu bado ni ya buluu na taa za vibanda zimeshawashwa, na hapo ndipo mbingu na taa hulingana nguvu, hivyo kamera huweza kuvionyesha vyote viwili katika picha moja. Anayefika Feri saa moja kamili huku bado anatafuta pa kusimama ameshazikosa. Fika saa kumi na moja na nusu, kamera ikiwa begani, salimia watu, nunua kahawa, na utazame ni taa ipi inawashwa kwanza na watu wanaizunguka kwa namna gani.

Kisha chagua balbu moja na ukae nayo. Wanaoanza hutembea mno. Huzunguka mji mzima na kurudi na picha mia tatu za watu waliopitwa njiani. Picha zangu za kwanza nisizozionea haya nilizipiga kwa muuza pweza mmoja wa Shangani, ambaye nilikaa kwake jioni nne mfululizo. Alikuwa na meza ya mbao, sinia la bati, sufuria ya supu juu ya jiko la mkaa, na balbu moja iliyofungwa kwenye kijiti na kuwashwa kwa betri ya pikipiki. Jioni ya kwanza nilipiga picha za meza. Jioni ya pili nikaanza kuona kwamba mteja akiinama kuchovya kipande kwenye pilipili, uso wake unaingia kwenye mwanga, na akinyooka ili atafune, anapotea gizani. Jambo hilo lina hesabu yake: mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo aliyekuwa mita 1 kutoka kwenye balbu akirudi hadi mita 2 hubaki na robo tu ya mwanga aliokuwa nao. Jioni ya tatu na ya nne sikusogea. Nilimsubiri kila mteja ainame, na mvuke wa supu ulipopita kati ya uso na balbu nikabonyeza.

Sasa vifaa. Lenzi moja isiyovuta (isiyo na zoom), ya milimita 35 au 50, yenye tundu linalofunguka hadi f/2 au f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa na mwanga mwingi huingia), inatosha kwa miaka mingi, na ukiipata ya mtumba iliyotunzwa vizuri, usione aibu kuinunua. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera huishia f/5.6 inapovutwa mpaka mwisho, na kwa f/5.6 unapata takriban thumuni ya mwanga unaoupata kwa f/2. Tofauti hiyo haifidiwi na kitu chochote usiku. Kwa kibanda chenye balbu nzuri, anza na f/2, kasi ya shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo pazia la kamera hubaki wazi) na ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), halafu urekebishe. Muuzaji aliyeketi huweza kupigwa kwa 1/60, anayetembea anataka 1/125, anayecheza muziki anataka 1/250 au zaidi. Msiogope chenga, vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa. Picha yenye chenga lakini uso umetulia huchapishwa na ikapendeza, na picha laini ambayo mtu ametoka kama moshi haina wa kuiokoa.

Ukiiachia kamera ijiamulie yenyewe, itajaribu kuugeuza usiku kuwa mchana. Itaongeza mwanga mpaka balbu iwe doa jeupe na ngozi ya mtu iliyo karibu nayo ipoteze rangi yake. Mimi hupunguza kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga, nikapima mwanga kwenye shavu la mtu na kuyaacha mengine yawe meusi. Ngozi zetu nyeusi hupokea mwanga wa balbu kwa uzuri mkubwa, hasa kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, na mng'ao huo ndio unaopaswa kulindwa kuliko kitu kingine chochote katika picha.

Kuna tatizo moja lililonisumbua kwa miezi kabla sijalielewa. Umeme wa gridi nchini kwetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Ukipiga kwa 1/500 chini ya taa kama hiyo, picha moja itatoka na mwanga wa kutosha na inayofuata itakuwa hafifu, au itakuwa na michirizi ya giza iliyokata uso wa mtu. Kwa 1/100 au 1/50 shata hukusanya mapigo kamili na tatizo huondoka. Vibanda vinavyotumia betri kwa kawaida havina usumbufu huo, nayo ni sababu mojawapo ya mimi kuvipenda.

Kuhusu fokasi, gizani mashine hubabaika. Iweke kwa mkono kwenye mita 2, ujizoeze kuijua mita 2 kwa macho (mimi nilitumia urefu wa kitanda changu), halafu usogee wewe. Kwa lenzi ya milimita 35 ikiwa f/2 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipokea mwanga cha ndani ya kamera, na kubwa ni yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya kawaida), eneo linalokuwa wazi katika umbali huo ni takriban sentimita 40 tu, kwa hiyo kosa la hatua moja linaonekana. Wenye simu wazime ile hali ya usiku wanapopiga watu, kwa sababu huunganisha picha kadhaa kuwa moja na anayejongea hutoka ameyeyuka.

Nakuja kwenye baa na kumbi, ambako vijana wengi wanataka kukimbilia kwanza. Nawashauri mchelewe. Katika mwaka wangu wa pili nilimpiga picha dada mmoja aliyekuwa akihudumia kwenye baa, ameinamisha kichwa akihesabu chenji chini ya taa nyekundu. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizokuwa nimewahi kupiga, na kwa kuwa nilimwomba ruhusa ya kumpiga naye akakubali, niliiweka mtandaoni usiku uleule. Siku ya tatu alinitafuta mpaka akanipata. Kwao kijijini walijua anauza duka la vitenge, na picha ilikuwa imeshafika kwenye simu ya kaka yake. Niliifuta akiwa amesimama mbele yangu, lakini nakala zilizokwisha kusambaa hazikuwa mikononi mwangu, na zaidi ya kuomba radhi sikuwa na cha kumpa. Alinisikiliza, akaondoka bila kusema neno. Tangu siku hiyo ruhusa naiomba mara mbili: mara ya kwanza ya kupiga, na mara ya pili, mchana, mtu akiwa ametulia na picha akiiona, ya kuionyesha kwa wengine. Wengi hukubali mara ya kwanza na kukataa mara ya pili, na wana haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na uso humtambulisha mtu upesi kuliko jina. Watoto wanaozurura usiku msiwapige kabisa pasipo mzazi. Bandari, vituo vya polisi na kambi za jeshi msizielekezee kamera.

Vilevile mambo ya unyago na jando hayapigwi picha. Hata pale ngoma inapotoka nje na watu wote wanatazama, nenda kwanza kwa wazee, uwaamkie, ueleze wewe ni nani na mtoto wa nani, na ukiambiwa weka kamera, iweke ndani ya begi na si kifuani.

Majira nayo yana maana yake. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na wakulima kulipwa, mji hujaa. Pikipiki mpya huonekana, kumbi hupiga muziki mpaka usiku wa manane, na watu wamevaa nguo walizokuwa wakizingojea mwaka mzima. Ni wakati wa furaha, na pia ni wakati ambao wengi wana fedha mifukoni na hawapendi mtu asiyejulikana awazunguke, kwa hiyo aliyekwisha kufahamika tangu Julai ndiye anayepata picha. Mwezi wa Ramadhani nauthamini zaidi. Baada ya tarawehe mitaa huchangamka, akina mama wamekaa na mabeseni ya vitumbua, wazee wanacheza bao chini ya taa ya baraza, na watu wana subira ya kuzungumza.

Msitembee peke yenu baada ya saa tano usiku. Mtafute bodaboda mmoja mnayemfahamu awe anawarudisha.

Unyevu wa pwani huharibu lenzi polepole, na kuvu ikishaota ndani ya kioo haitoki kwa kufuta. Ukirudi, futa chumvi kwa kitambaa laini kilicholowekwa kidogo, kausha, kisha uhifadhi kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu sokoni huvitupa; waombeni. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi kwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa ukungu.

La mwisho ni la kurudisha. Mpiga picha Malick Sidibé wa Mali, aliyefariki mwaka 2016, katika miaka ya 1960 alizunguka kwenye dansi za vijana wa Bamako na kamera yake, akarudi studio kusafisha filamu usiku uleule, kisha akabandika picha nje ili wenyewe waje kujitafuta na kuchagua. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice, lakini naamini vijana wale walimfungulia milango kwa sababu walijua picha zao wataziona. Fanyeni hivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi mimi huchapisha nakala 10 au 15 ndogo na kuzipeleka kwa mkono. Yule muuza pweza alipoipokea yake aliitazama kwa muda mrefu, akaifuta alama ya kidole chake cha mafuta, akaniambia nimwandikie tarehe. Nami tangu hapo, nyuma ya kila nakala, naandika kwa penseli laini mtaa, mwezi na mwaka, kwa sababu wino wa kalamu hupenya mpaka upande wa pili kadiri miaka inavyokwenda.