Jopo "lilimpa" au "walimpa"?

SWALI: Huwa naandika habari za filamu. Mhariri amenikatia neno moja katika sentensi hii: "Mwaka 2007 jopo la Venice, likiongozwa na mwongozaji wa filamu mashuhuri wa China, Zhang Yimou, walimpa Ang Lee Simba wa Dhahabu." Ameweka "lilimpa". Jopo lile, la waamuzi wa tamasha la filamu la Venice, Italia, ambalo tuzo yake kuu ni Simba wa Dhahabu, lilikuwa la watu saba, wote waongozaji wenye majina makubwa. Watu wazima hao wanaitwaje "li-"? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na sentensi yako inamuunga mkono: umeandika "likiongozwa", halafu maneno machache mbele ukageuka.

Najua kinachokusumbua. Tumefundishwa kwamba viumbe hai huvunja ngeli zao: kijana amekuja, kipofu ameona, si "kimekuja" wala "kimeona". Lakini kijana ni mtu. Jopo ni chombo, hata kikijaa watu, kama baraza lililopitisha bajeti au bodi iliyoidhinisha mkopo. Jane Campion na Paul Verhoeven walikuwemo katika jopo lile, ila hakuna kati yao aliyempa Ang Lee kitu kwa mkono wake. Tuzo ilitoka kwa jopo.

Utanijibu kwa mpira. Redioni tunasikia "Yanga wameshinda" na "Yanga imeshinda", na mimi sikatai lolote kati ya hayo, kwa sababu anayesema "wameshinda" anawaona wachezaji. "Timu wameshinda" ndiyo inanikwaruza sikio. Pale watu wanapotenda kila mmoja kivyake, wape kiima chao: "Jopo lilitazama filamu zote, kisha wajumbe wakabishana."

Hukuuliza, lakini kuna tatizo kubwa kuliko hilo. "Mwongozaji wa filamu mashuhuri": nani mashuhuri, Zhang au filamu zake? Ungeandika "mkubwa" au "kubwa", kiambishi kingetuambia. "Mashuhuri" haibadiliki, kama ilivyo "hodari" na "maarufu", kwa hiyo nafasi yake ndiyo inayosema. Isogeze kwa mwenyewe: "mwongozaji mashuhuri wa filamu".

Chunga pia "wa" na "za" unapoandika habari za waongozaji hawa. Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan, alipata Simba wake wa kwanza mwaka 2005 kwa Brokeback Mountain, hadithi ya vijana wachunga kondoo huko Wyoming, Marekani. Ukimwita "mwongozaji wa Asia" sina neno. Ukimwita "mwongozaji wa filamu za Asia", filamu hiyo umeitupa nje. Mira Nair atakutega vilevile: mzaliwa wa India, mwenyekiti wa jopo la tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, mwaka 2002, na mwanzilishi wa Maisha, mradi wa Kampala unaowanoa watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki. Kabla ya kuandika "wa" au "za", jiulize unamtaja mtu au kazi yake.

Na Simba wa Dhahabu "alitolewa" au "ilitolewa"? Tanguliza neno tuzo, ubishi uishe: tuzo ya Simba wa Dhahabu ilitolewa.