Kabla ya kufufua uwanja wa kale, kaeni hapo siku saba

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Pangani alinipigia simu. Wameunda kamati ya kufufua uwanja wa mji wao, ule ulio jirani na majengo ya zamani. Wanataka wafanyie matamasha hapo, wageni wafike kwa raha na magari yapate pa kukaa. Akaniuliza, "Dada, tuanze na nini, taa au mabenchi?" Nikamwambia aanze na kigoda na daftari. Akae pale uwanjani siku saba, toka adhana ya alfajiri mpaka mtu wa mwisho anapoondoka usiku, aandike kila anachokiona. Alidhani namtania. Sikumtania hata kidogo, na ndiyo maana nayaandika haya kwa wote wenye kamati kama yake.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutayarisha shughuli za wazi: majukwaa, viti, umeme, vyoo vya muda, ulinzi. Nyingi zimefanyika Ngome Kongwe na Forodhani, bustani ya ukingoni mwa bahari iliyo mbele ya ngome hiyo, kwa hivyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, mengine nimeyalipia.

Forodhani yenyewe imebadilisha kazi mara nyingi. Jina linakwambia palikuwa pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoshuka majahazini. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya Bububu ilianzia hapo kando ya Ngome. Mwaka 1936 pakawa bustani, kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, na hadi leo kuna wazee wanaoiita Bustani ya Jubilei. Halafu pakachakaa. Mwaka 2008 ilifungwa kwa matengenezo makubwa yaliyosimamiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa tena Julai 2009.

Watu wanaokuja kujifunza kutoka Forodhani hupiga picha taa, nyasi na njia zilizotandikwa mawe. Mimi huwaonesha mitaro. Kabla ya matengenezo, mvua ya masika ikinyesha, maji yalituama, yakachanganyika na mafuta ya kukaangia na mabaki ya samaki, na asubuhi hukanyagi. Ukuta wa bahari nao hauangushwi na mawimbi peke yake. Maji ya mvua yakikwama nyuma yake huusukuma kutokea ndani, kidogokidogo, mpaka siku moja unaona ufa. Kwa hiyo fedha za mwanzo ziende chini ya ardhi, hata kama mheshimiwa atakayekata utepe hatakuwa na cha kupigia picha. Na mkishachimba, msifukie kabla ya kulaza mabomba matupu ya kupitishia nyaya, kutoka chanzo cha umeme hadi kila pembe ambayo siku moja itawekwa jukwaa. Bomba tupu ni bei rahisi sana siku ya kuchimba. Ukilisahau, kila tamasha litakuwa na nyaya zilizotambaa juu ya njia, watoto wanazirukia, na wewe unazunguka na gundi ya karatasi kuzibandika.

Jengine la chini: kama majengo yenu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama yetu, msikubali fundi ayapige lipu ya saruji au aimwage zege mpaka miguuni mwa kuta. Chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, jiwe likaanza kuoza huku nje panang'aa. Sisi tumeshaona majengo haya yalivyo dhaifu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na linalotazamana na bustani hii, ilianguka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Sisemi lilianguka kwa sababu ya tamasha wala magari. Nasema kwamba tangu siku ile sipangi tena kitu kizito karibu na ukuta wa zamani bila mhandisi kunitilia saini.

Sasa nije kwenye lori. Mwaka mmoja tulikodi mitambo ya sauti kutoka kampuni moja, tukaelewana lori lifike saa mbili asubuhi kupitia barabara ya Mizingani, upande wa bandarini. Dereva akaona foleni, akaamua kuzunguka Shangani. Wanaoijua Forodhani wameshaelewa kilichotokea. Upande ule barabara inapita chini ya jengo la mayatima, kama handaki, na lori lile lilikuwa refu kuliko mdomo wa handaki. Alisimama pale akiwa hawezi kwenda mbele, na nyuma yake magari yameshajipanga mpaka hayaonekani mwisho. Tuliteremsha spika moja moja tukazibeba kwa mikokoteni. Mahamali wa Malindi ndio waliotuokoa, na mmoja wao, mzee wa makamo, aliniambia maneno ambayo nimeyaweka: "Mwanangu, mji huu uliza mkokoteni kwanza, lori baadaye."

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokichora ni njia za kuingilia na kutokea. Lori la mitambo litaingia wapi, litageukia wapi, litatoka saa ngapi? Gari la zimamoto likihitajika saa tatu usiku na uwanja umejaa, litapita wapi? Hilo lataka upana wa karibu mita nne usiowekwa meza, kamba wala kibanda, hata kwa dakika tano. Gari la taka je? Mgonjwa wa mtaa wa nyuma akizidiwa siku ya tamasha, ndugu zake watamtolea wapi na machela? Uchochoro wenu mmoja ukizibwa na uzio wa tiketi, mmewafungia watu majumbani mwao.

Magari. Hapa ndipo kamati nyingi hugombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu husema biashara itakufa bila paking uwanjani. Kaeni na daftari mtazame. Mimi nilipofanya hivyo kwenye barabara ya mbele ya Ngome, niliandika namba za magari asubuhi, mchana na jioni. Mengi niliyoyakuta jioni yalikuwa palepale tangu asubuhi. Hayakuwa ya wateja. Yalikuwa ya sisi tunaofanya kazi hapo: wenye maduka, watu wa ofisini, na langu pia lilikuwamo siku mbili kati ya hizo saba. Mteja aliyekuja kununua kanga au kula mshikaki alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Darajani aliposhushwa na daladala, au kwa vespa.

Gari moja likiegeshwa linakula kama mita 2.5 kwa 5. Sehemu hiyo hiyo inatosha meza mbili za chakula pamoja na mabenchi ya wateja wake, na meza hizo zinalisha familia mbili. Nikiwawekea watu hesabu hiyo mezani, sauti hushuka. Lakini usiondoe paking kabla ya kutengeneza nyingine, watu watakuchukia na watakuwa na haki. Tafuteni kiwanja nje kidogo ya mji wa kale, mwendo wa dakika saba au nane kwa miguu, kiwe na taa, mlinzi na njia iliyonyooka mpaka uwanjani. Hiyo njia ndiyo roho ya mpango. Mama wa watu hataacha gari mbali kama saa nne usiku itambidi apite kizani na watoto. Tengenezeni njia kwanza, kisha taa zake, kisha ndiyo mfunge uwanja kwa magari, na mwanzo mfunge usiku tu, kuanzia magharibi. Watu wakizoea, wenyewe watauliza kwa nini usifungwe mchana.

Uwanjani pabaki nafasi chache sana: za walemavu, za gari la wagonjwa, na moja ya kushusha mizigo kwa muda uliowekwa, tuseme kabla ya saa tatu asubuhi. Wenzetu wa Lamu wana uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome yao, mji wenye vichochoro vya punda na miguu, na hakuna mgeni niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba alikosa pa kuegesha gari mbele ya ngome ile.

Nilipofikia suala la njia, nilidhani nalijua, mpaka mama yangu alipopata kiharusi. Miaka yake minne ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa akiipenda Forodhani kupita kiasi, urojo wake na upepo wa bahari, basi Alhamisi jioni tukimsukuma. Ndipo nikaujua mji upya. Ukingo wa njia wenye sentimita 15, ambao mimi niliuruka maisha yangu yote bila kuuona, kwake ulikuwa ukuta. Tulihitaji vijana wawili wa kumnyanyua, na yeye, aliyekuwa mwanamke wa heshima zake, alikuwa akijifunika uso kwa mtandio kila walipomshika.

Mteremko mzuri ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ukingo ule wa sentimita 15 ulitaka mteremko wa mita 1.8 tu. Mita moja na robo tatu hivi za zege. Kabla kamati haijaidhinisha mchoro wowote, azimeni kiti cha magurudumu hospitalini, mwenyekiti akae, mwingine asukume, waanzie kituo cha daladala mpaka chooni. Msiishie ukingoni mwa bahari, fikeni chooni. Mawe ya kutandika yawe yamelala sawasawa, maana magurudumu madogo ya mbele hunasa kwenye kila mwanya.

Wauza chakula msiwaite mwishoni mkawape namba za meza. Waitwe siku ya kwanza. Wao wanajua upepo kuliko mchoraji yeyote. Wakati wa kaskazi moshi wa majiko yetu huja mjini, wakati wa kusi huenda baharini, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma. Muulizeni mkaangaji atakwambia meza ikae wapi ili mwimbaji asikohoe. Muulizeni pia mafuta yaliyotumika anayamwaga wapi. Akikosa pa kuyamwaga, yataingia kwenye ule mtaro wenu mpya.

Kuhusu matamasha yenyewe nina neno moja, nalo ni la jirani zaidi kuliko la msanii. Uwanja ukiwa na shughuli kila wiki, wenyeji huhama, na uwanja usio na wenyeji hubaki na walinzi na mabango. Kaeni na sheha au mwenyekiti wa mtaa, mpange siku za mwaka ambazo hazina shughuli kabisa: Ramadhani muiache kwa futari na watu wenyewe, siku za mitihani ya skuli, siku za misiba ya mtaani. Hata siku ya tamasha, kona moja ibaki bila tiketi. Sisi watoto wa Malindi tulijifunza kuogelea kwa kurukia ukuta ule wa Forodhani, na vijana bado wanaruka jioni, maji yakijaa, wazungu wanawapigia makofi. Nimewahi kuombwa na mfadhili mmoja niwaondoe ili picha iwe safi. Nilikataa, na fedha zile tulizikosa.

Andikeni pia, kabla ya kufungua, ni nani atalipa mfagiaji mwaka wa tatu. Kila shughuli itoe kiasi cha kufagia, kiende kwenye mfuko unaojulikana, na hesabu zake zibandikwe ukutani. Taa ikizima, awepo mtu mmoja mwenye simu ambaye kazi yake ni hiyo.

Kijana wa Pangani alinipigia tena juzi. Amekaa siku nne, zimebaki tatu. Ameniambia kila asubuhi, kabla ya saa moja, kuna kina mama wanaoanika dagaa kwenye ile sehemu ambayo mchoro wao umeweka paking. Nimemwomba aende akawaulize majina yao, na awakaribishe kikaoni.