Jenereta yangu ilivyoshindwa na mlima

Jenereta yangu niliinunua Dar es Salaam, kwa sababu kaka yangu anayekaa Tabata alikuwa nayo ya aina hiyohiyo na sikuwahi kumsikia akiilalamikia. Kwake inabeba friji, friza, taa, televisheni na pampu ya maji ya nusu hospawa, vyote kwa mpigo. Mimi nauza maziwa na mtindi hapa Uyole, Mbeya, na friza ikikaa siku nzima bila umeme ni hasara ya wiki. Nikaipakia kwenye lori, ikafika salama.

Siku ya kwanza umeme ulipokatika niliiwasha nikiwa na furaha kabisa. Friza ikaitika, friji ikaitika. Pampu ilipotaka kuanza, mlio wa injini ukazama, taa zikafifia mpaka zikawa nyekundu, moshi mweusi ukatoka, kimya. Nikajaribu mara tatu, hali ni ileile.

Nilijua nimeuziwa bidhaa feki. Fundi mmoja wa Mwanjelwa akachomoa plagi ya injini, ile inayotoa cheche, akaniwekea kiganjani. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii, imejaa masizi makavu kama chungu cha kuni, na inanuka petroli. Akaniambia, "Mama, hii ni nzima. Ila umeipandisha mlima."

Injini inahitaji hewa kama inavyohitaji mafuta. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na huku juu hewa ni nyepesi. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepimwa kwa ajili ya pwani inaendelea kumimina petroli ileile huku hewa imepungua, kwa hiyo petroli haiungui yote, na iliyobaki ndiyo yale masizi. Hesabu wanayotumia mafundi ni kwamba injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Mbeya hiyo ni karibu moja ya tano. Iringa mjini inapungua kidogo kuliko hapa. Wa Njombe na Makete mnapoteza zaidi.

Sasa chukua kalamu. Kwenye kibao cha jenereta kuna namba mbili: ile kubwa ya kilele, ambayo injini inaiweza kwa muda mfupi sana, na ile ndogo ya kazi. Wewe shika ile ndogo. Yangu ilikuwa na wati 2,200. Toa moja ya tano, unabaki na 1,760. Vitu vyangu vikishatulia vinakula wati 550 hivi, lakini pampu, kama mota yoyote, inapoanza inavuta mara tatu au nne ya kawaida yake, na yangu ilitaka kama 1,500 kwa sekunde chache. Jumla 2,050. Kwa kaka yangu Tabata zinatosha, kwangu hazitoshi. Jumlisha vyombo vyako, ongeza mruko wa mota moja iliyo kubwa kuliko zote, kisha gawanya kwa 0.8, yaani ile nguvu inayobaki huku Mbeya. Mimi ningepata 2,560, maana yake jenereta ya wati 2,800 za kazi ingenitosha bila mawazo. Lakini usiruke ukanunua ya wati 6,000 kwa ajili ya taa na televisheni: itakunywea mafuta bure, na injini inayokaa muda mrefu bila mzigo inajaa masizi vilevile.

Fundi alinibadilishia jeti ya kabureta, kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli, akaweka yenye tundu dogo zaidi. Moshi ukaisha na petroli ikapungua, ila ile moja ya tano hairudi kwa jeti, kwa hiyo mpaka leo pampu naiwasha peke yake, friza ikiwa imezimwa. Na ukishabadilisha, kumbuka. Shemeji yangu aliiazima kwenda nayo msibani Kyela, kule chini kando ya ziwa, nikamwambia arudishe kwanza jeti ya zamani. Kule hewa ni nzito. Kwa jeti ndogo injini inapata petroli kidogo mno, inachemka, na inaweza kuharibika kabisa.

Dukani, uliza kama koili ni ya shaba, na hakikisha vipuri vyake vinapatikana mji unaoishi. Mengine ni rangi.

Linaloniuma zaidi ni mahali pa kuiweka, kwa sababu hapo nilikosea mimi mwenyewe. Huku kwetu umeme mara nyingi unakatika na mvua, usiku, na baridi juu yake. Machi moja tuliisogeza barazani isilowe, chini ya dirisha la watoto. Asubuhi binti yangu wa pili aliamka kichwa kinamgonga, akatapika, akawa mlegevu kama kitambaa. Tulimtoa nje akapata hewa, na akarudi katika hali yake hospitalini. Moshi wa jenereta una gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, ndiyo ileile inayoua wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Usiiweke barazani, korido wala stoo, hata mlango ukiwa wazi. Sasa yangu ina kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, mita kumi kutoka ukutani, na moshi unaelekea upande wa migomba.

Na tafadhali, ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, utupe. Umeme wako unatoka nyumbani, unafika kwenye transfoma, na kule unapandishwa hadi volti 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imekufa. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi ya kuhamisha umeme, ili nyumba ichukue umeme wa upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Matunzo hayana siri. Oili ya kwanza namwaga baada ya saa 20 za kazi, halafu kila saa 100 au miezi sita. Natumia oili nyepesi ya 10W-30, kwa sababu ile nzito ya fote (namba 40) wanayopenda pwani inaganda kama asali asubuhi za Julai, na kamba inakuvunja bega. Oili naipima kila mara kabla ya kuwasha, injini ikiwa imepoa na imesimama sawa. Petroli ya miezi mitatu siiamini.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naiwasha dakika ishirini, umeme uwepo usiwepo, na naiunganishia friza ili ifanye kazi kwelikweli. Kisha nafunga koki ya mafuta, naiacha inguruma mpaka imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta. Binti yangu, yule wa pili, ndiye anayeandika tarehe na saa kwenye daftari lililoning'inia kwenye nguzo ya kibanda.