Kosa langu lilikuwa kuchukua wastani mapema

Mkuu, umeuliza inakuwaje ukinzani wa matabaka ya chuma na kromiamu ushuke ukiyawekea uga wa sumaku, ilhali chaji ya elektroni ni ileile. Swali hilo lilinitesa wiki mbili nikiandika programu ya kukokotoa ukinzani huo. Kila nikiiendesha jibu lilikuwa moja, uga uwepo usiwepo. Nilisaka kosa kwenye msimbo, kumbe liko kwenye fizikia yangu.

Nilikuwa nachukua wastani wa spini juu na spini chini (spini ni usumaku mdogo wa kila elektroni, unaoelekea juu au chini) ndani ya kila tabaka, kisha najumlisha matabaka. Ukifanya hivyo, spini umeshaitupa. Mwanafizikia Mott alieleza tangu 1936 kwamba mkondo ndani ya metali kama nikeli ni mikondo miwili inayokwenda sambamba, kwa kuwa elektroni inapogonga kitu ni nadra spini yake kugeuka. Elektroni za spini moja hukuta nafasi tele za d (aina ya mizingo ya atomu) kwenye kiwango cha Fermi, yaani nishati ya elektroni zinazobeba mkondo, zikatawanywa hovyo. Za spini nyingine hukuta nafasi hizo zimejaa, zikapita kwa raha.

Sasa ifuate njia moja mwanzo hadi mwisho. Chukua matabaka mawili ya sumaku, kila moja likiwa na ukinzani 1 kwa spini nyepesi (inayopita kwa raha) na 5 kwa nzito (inayotawanywa). Sumaku zikielekea upande mmoja, njia moja ina 2, nyingine 10; ziunganishe sambamba upate kama 1.67. Zikipingana, kila njia ina 6, unapata 3. Ile njia nyepesi ilikuwa kama shoti, na sasa imezibwa. Uga kazi yake ni kugeuza sumaku za matabaka tu, zitoke kupingana zielekee upande mmoja; hausukumi elektroni. Fert na Grünberg waliliona hili 1988 (Nobel wakapewa 2007), na kwa kundi la Fert ukinzani ulishuka karibu nusu kwenye kelvini 4.2.

Ila hesabu hiyo inadhani spini inafika salama. Mkondo ukipita kwa kukata matabaka, Valet na Fert walionyesha 1993 kuwa spini hurundikana mpakani, kisha hufifia: ndani ya shaba baridi inaweza kudumu mamia ya nanomita, ndani ya permaloi (aloi ya nikeli na chuma) nanomita chache tu. Ndiyo maana permaloi nene inakuongezea ukinzani bila kuongeza tofauti unayoitafuta. Sampuli yako ina matabaka ya unene gani, na mkondo unaupitisha kwa uelekeo upi?