Maswali ya wasomaji: ukoga, ugaga na madoa ya meno

Napiga mswaki asubuhi na jioni, lakini nyuma ya meno ya mbele ya chini pana kitu kigumu cha njano. Nilikikwangua kwa pini kikameguka kidogo. Niendelee? (Msomaji, Tanga)

Hapana, iache pini. Huo ni ugaga, yaani ukoga ulioganda. Ukoga ni ule utando laini, wenye utelezi, unaoanza kurudi saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Ukiachwa mahali pamoja huanza kushika madini yaliyomo kwenye mate ndani ya siku moja hadi tatu, na baada ya wiki mbili hivi unakuwa kama jiwe. Chini ya ulimi ndipo mate mengi yanapomiminika, ndiyo maana ugaga hupenda hapo, na pia nje ya magego ya juu, upande wa shavu.

Pini huchana fizi na kukwaruza jino, na ukoga mpya hushika haraka zaidi penye mikwaruzo. Tena kipande unachoweza kukimegua ni kile kinachoonekana. Kilichojificha chini ya fizi, ambacho ndicho chenye madhara makubwa, kinabaki. Ugaga huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Wako wanaosema kusafishwa hulegeza meno. Meno hayo yalikwisha kulegea kwa sababu ya mfupa ulioliwa na ugonjwa wa fizi, na ugaga ulikuwa umeyashikanisha tu.

Ukitoka kwa daktari, kazi ni kuuwahi ukoga kabla haujaganda. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno. Ulaze mswaki kwa mshazari, nusu ya nywele zake zikigusa fizi na nusu zikigusa jino, kisha uutikise taratibu pale pale, meno mawili mawili, kwa dakika mbili nzima. Nyuma ya meno ya mbele mswaki haulali vizuri, kwa hiyo usimamishe wima na utumie ncha yake. Katikati ya meno mswaki haufiki kabisa. Kata uzi wa meno wa sentimita 45 hivi, uzungushe vidoleni, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino na uuvute juu na chini bila kuukita kwenye fizi. Mwishowe tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Unataka kujua unakosea wapi? Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye maji kidogo, sukutua nusu dakika, tema, kisha jitazame kwenye kioo. Palipokolea rangi pana ukoga. Fanya hivyo usiku, maana midomo nayo itapata rangi.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Nipumzike kwanza? (Msomaji, Mombasa)

Usipumzike. Mara nyingi damu hiyo inaletwa na ukoga uliokaa kwenye ukingo wa fizi, na kuuacha ni kuuongeza. Endelea kwa mkono mwepesi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, muone daktari.

Ndimu na chumvi, au mkaa wa kusaga, vinang'arisha kweli? (Msomaji, Morogoro)

Vinang'arisha kwa kumaliza jino. Asidi ya ndimu hulainisha tabaka gumu la nje, kisha chumvi au mkaa hulisugua likiwa laini, na tabaka hilo halioti tena. Hata ukinywa juisi ya ukwaju, subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Mswaki wa mti ni jambo jingine, na tunauunga mkono. Menya ganda sentimita moja, tafuna ncha hadi iwe nyuzi laini, sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, na ukate sehemu iliyochakaa kila siku. Wanaoutumia husahau upande wa ndani na magego ya mwisho.

Tunaishi Arusha. Mwanangu wa miaka tisa ana madoa ya kahawia kwenye meno mapya, mswaki hautoi. Ni uchafu? (Mama, Arusha)

Hapana mama, na usimsugue kwa nguvu. Maji ya sehemu nyingi za huko, kuzunguka Mlima Meru, yana floraidi nyingi kupita kiasi, na doa liliingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika.

Kama ana wadogo zake, wapatie maji ya mvua ya kunywa na kupikia hadi wafike miaka minane. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo huwa na floraidi, yaepukwe kwenye chakula cha watoto. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kwa wa mitatu hadi sita, mtu mzima akisimama hapo kuhakikisha inatemwa.