Re: Kwa nini Ziwa Victoria ni pana hivo lakini si refu kwenda chini?

Ndugu, umeuliza mbona Victoria inafika mita 80 hivi tu wakati Tanganyika inashuka hadi 1,470. Tanganyika imekaa ndani ya bonde la ufa lenyewe, ardhi ilipasuka ikadidimia, lakini Victoria iko kwenye beseni kati ya mikono miwili ya ufa, ni maji yaliyozuiwa tu. Zamani mito ya huku kwetu Uganda kama Katonga na Kafu ilikuwa inatiririka kwenda magharibi, baadaye ukingo wa ufa upande huo ukainuka polepole, mito ikakosa njia, maji yakarudi nyuma yakatanda kwenye mabonde, ndo tukapata Victoria na ziwa Kyoga.

Ushahidi unaupata kwenye ramani ya topografia (inayoonyesha miinuko na mabonde), na hapa ndo napapenda sana. Fuata Katonga: vijito vingi vinaungana nao vikiwa vimeelekea magharibi, ilhali pale daraja la barabara ya Masaka maji yanaenda mashariki, ziwani. Afu cheki Kyoga, ile mikono yake kama vidole ni mabonde ya mito yaliyofunikwa na maji, ndo maana lenyewe lina kina cha mita chache tu, na mafunjo yamejaa kila kona.